Eti Flying Scotsman ni Bandia

Hoja iliyochapishwa ni hii: Flying Scotsman, injini ya mvuke ya Uingereza, imebadilishwa vipuri mno hata si yenyewe tena, basi izimwe moto ikae makumbusho.

Si yenyewe tangu lini? Injini hii ilitoka karakana ya Doncaster mwaka 1923, na ingali kazini ilikuwa ikivuliwa boila na kuvishwa nyingine. Boila huchukua muda mrefu kutengenezwa kuliko fremu, kwa hiyo mafundi walifunga ya akiba, injini ikarudi relini. Mwaka 1947 iligeuzwa kutoka daraja la A1 kuwa A3. Mbona hapo hakuna aliyepiga kelele za bandia? Anayetaka chuma kitupu cha 1923 anadai injini ambayo reli yenyewe haikuwa nayo.

Na kama hoja ni gharama? Mwaka 2004 wananchi walichanga kwa hiari yao ili makumbusho ya taifa ya reli iinunue.

Na hilo la kuzima moto ndilo linaloniuma. Injini baridi haimwonyeshi mtu yeyote mtia makaa alivyoinama mbele ya tanuri, koleo mkononi, akilenga pembe za nyuma huku sakafu ikimtikisa miguu. Kijana hujifunza kazi hiyo akiwa amesimama papo hapo, jasho likimchuruzika.