Bei Imeshuka, Sufuria Zibadilike

Kuanzia Tukuyu, Kiwira, Katumba na Isongole hadi vijiji vyote vya Rungwe, mboga zimejaa. Anayepita sokoni Kiwira siku hizi anajionea mwenyewe. Kabichi zimerundikwa hadi pembeni mwa barabara, karoti bado zina udongo mweusi wa shambani, na majani ya maboga yamefungwa mafungu ambayo mkono mmoja hauyamudu. Bei? Mama anayeuza anakutajia, na kabla hujafungua mdomo anapunguza mwenyewe.

Neema hii ina sababu zake. Udongo wetu umetokana na volkano ya Mlima Rungwe, mvua huku inazidi milimita 2,000 kwa mwaka, na kabichi inaipenda baridi yetu. Sasa kwa kuwa wakulima wote wanafuata mvua ile ile, mboga nazo zinakomaa kwa pamoja. Malori ya Mbeya na Dar es Salaam yanabeba yanachoweza. Kinachobaki ni chetu.

Hebu tuulizane: nyumbani kwako kabichi hupikwa kwa namna ngapi? Kwa wengi wetu jibu ni moja. Inakatwa, inakaangwa na kitunguu na nyanya, inaliwa na ugali. Siku ya kwanza ni tamu. Siku ya tatu mtoto anaisogeza pembeni ya sahani, na baba naye anauliza kwa upole kama dagaa wameisha. Hakuna wa kulaumiwa hapo. Binadamu akilishwa kitu kile kile kila siku huchoka, hata kingekuwa nyama.

Dawa yake ni kubadili mapishi, na tuanze na tulichojaliwa kuliko wenzetu wengi, yaani maziwa. Kata kabichi nyembamba, kwaruza karoti mbili, weka kwenye sufuria pamoja na kitunguu na chumvi, usitie maji. Funika. Kabichi itatoa maji yake yenyewe na kuiva nayo. Baada ya dakika tano hivi, mimina malai, ule utandu mzito wa juu ya maziwa yaliyolala, geuza mara mbili tatu kisha epua. Kabichi iwe bado inalia kidogo menoni. Yale mafuta ya maziwa yana kazi nyingine mbali na ladha: mwili unayahitaji ili upate vitamini A iliyomo kwenye karoti na majani ya kijani.

Parachichi nalo lina mafuta ya kufanya kazi hiyo hiyo. Yale ya kienyeji yanayoanguka chini ya mti, ambayo wanunuzi wa parachichi aina ya Hass hawayataki, ponda moja uchanganye na karoti mbichi iliyokwaruzwa, limao na chumvi. Mpe mtoto aliyerudi shule na njaa, uone kama atabakiza.

Na boga je? Wengi tunalichemsha na kulila hivyo hivyo kwa chai, na si vibaya. Lakini jaribu hili siku moja: chemsha vipande vya boga hadi vilainike, mwaga maji yote, ponda, acha lipoe. Kisha tia unga wa ngano kidogo kidogo huku unakanda, pamoja na chumvi na kijiko cha mafuta. Maji hutayahitaji, boga lina ya kutosha. Utapata donge la njano lisilonata. Sukuma chapati zako kama kawaida. Zinakuwa laini hadi kesho yake asubuhi, na unga uliotumia ni pungufu ya ule wa siku zote.

Ndizi na maharage hatufundishani, huko ni kwetu. Ombi langu ni moja tu: maharage yakikaribia kuiva, tia karoti iliyokwaruzwa ipotelee kwenye mchuzi, na dakika za mwisho kabisa weka majani ya maboga uliyoyatoa nyuzi. Yule anayesema hali karoti atakula, na wala si lazima umwambie. Wako watu wazima wenye ndevu zao waliolelewa hivyo, na hadi leo hawajui.

Kuna jambo dogo la jikoni niliseme polepole, maana wengi tumelirithi kwa bibi zetu kwa nia njema. Magadi. Tunatia ili majani yalainike upesi na yabaki kijani. Ila magadi huharibu vitamini, hasa C na baadhi ya zile za kundi B. Majani machanga yaliyokatwa vizuri yanaiva yenyewe kwa dakika chache. Tuyaoshe kabla ya kuyakata, tutumie maji kidogo, tufunike, na yale maji yanayobaki tusiyamwage. Ni mchuzi huo.

Haya mambo ni ya maana kuliko tunavyodhani. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa kati ya watoto 100 wa chini ya miaka mitano nchini, 30 walikuwa wamedumaa. Kwa majirani zetu wa Njombe na Iringa, ambao ghala zao zimejaa kama zetu, hali ilikuwa nzito zaidi, karibu nusu ya watoto au kupita. Kumbe chakula kinaweza kuwa kingi shambani na mtoto asikue sawasawa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Nyumba ya watu watano ni kilo mbili. Kwa bei za sasa hivi, nani kati yetu atasema hawezi?

Tuje kwenye kuhifadhi. Ushauri tunaopewa kila mara ni kuanika juani. Jua lipi, jamani? Miezi ya Aprili na Mei hapa Tukuyu ukungu unaamka na sisi na kulala na sisi. Majani yakianikwa wakati huo yanaota ukungu wa aina nyingine. Anayetaka kukausha asubiri jua la Septemba, au atumie uchaga juu ya mafiga, au kama ana ndugu Kyela ampelekee kiroba kimoja. Kule kwenye joto la ziwani majani yaliyotumbukizwa kwenye maji yanayochemka kwa dakika mbili, yakachujwa na kutandazwa kivulini kwenye upepo, hayachukui muda kukauka.

Kinachotufaa sisi wa huku juu ni kuchachusha, kwa sababu baridi yetu ndiyo inayotakiwa. Kwa kila kilo ya kabichi, chukua kijiko kimoja cha chakula cha chumvi, kilichosawazishwa. Kata kabichi nyembamba sana, nyunyiza chumvi, kisha finyanga kwa mikono safi dakika kumi. Mwanzoni utaona kama unapoteza muda. Baadaye inalegea, inang'aa, na maji yanaanza kuchuruzika vidoleni. Ishindilie ndani ya chupa pana ya kioo au ndoo safi ya chakula hadi maji yake yaifunike yote. Weka jani zima juu, na kitu kizito kilichooshwa vizuri. Funika bila kukaza, maana hewa itataka kutoka.

Siku za mwanzo utaona mapovu. Baada ya wiki mbili au tatu inakuwa na uchachu mzuri, na ukiitunza mahali pa baridi, ikiwa imezama kwenye maji yake, inakaa miezi. Ikitoa harufu ya kuoza au ikiota ukungu wa rangi, tupa bila huruma. Wanaofanya kazi humo ni bakteria wa jamii moja na wale wanaogandisha mtindi wetu, na sijamwona mtu wa Rungwe anayeogopa mtindi.

Wala si jambo geni duniani. Wajerumani, waliowahi kuwa na boma hapa Tukuyu wakapaita Neu Langenburg, kwao kabichi ya namna hii ni chakula kilichozoeleka. Huko Korea Kusini, kabla ya baridi kali, familia na majirani hukusanyika na kutengeneza kimchi, yaani kabichi yao ya kuchachusha, ya kugawana kwa msimu mzima. Desturi hiyo inaitwa kimjang, na mwaka 2013 UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Nasi tuna vikundi vya vikoba karibu kila mtaa. Siku ya mkutano, hesabu zikiisha, kila mwanachama akija na kabichi mbili na pakiti ya chumvi, kazi itakuwa ya saa moja na hadithi tele.

Mama lishe wa stendi, wewe una nafasi kuliko sisi sote. Sahani ya wali na maharage ikiongezwa kijiko cha kabichi yenye malai, abiria wa Mbeya ataulizia jina lako safari ijayo. Walimu na kamati za shule, makande ya watoto yanapokea karoti na kabichi bila ugomvi. Mzazi aliyekosa mchango wa fedha mwezi huu huenda ana kabichi kumi shambani. Je, mmemuuliza? Kijana wa bodaboda unayerudi mtupu kutoka shamba, pakia kiroba cha bibi jirani ukimfikishie. Na wanaouguza ndugu zao hospitali ya Makandana wangefurahi kuletewa mboga iliyopikwa vizuri, kama unapita njia hiyo.

Tunaponunua, tuwakumbuke waliolima. Mbolea waliinunua bei ikiwa juu. Mama akishapunguza mwenyewe, tusimkamue tena; tuchukue mbili badala ya moja. Ndaga fijo, yaani asante sana, ni neno zuri, lakini likisindikizwa na noti linakuwa zuri zaidi.

Mkikutana wiki hii, kanisani, msikitini au kwenye foleni ya mashine, ulizaneni: kwenu kabichi mliipikaje? Atakayejibu "kawaida tu", msimcheke. Mwonjesheni chapati ya boga.