Kasuku Si Kuku

Ndugu mkulima, ukitamani kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu kwa kuwa husema kama mtu, fikiri kwanza. Kuku ukimfungulia asubuhi hujitafutia, na jioni hurudi mwenyewe. Kasuku sivyo. Porini huishi kwa makundi. Nyumbani kundi lake ni ninyi. Basi hesabu saa zako: alfajiri unakamua, kisha unapeleka maziwa, mchana mko palizini, nao watoto wako shuleni. Nani atakaa naye? Akiachwa peke yake kutwa hupiga kelele, tena aweza kujinyonyoa manyoya mpaka ngozi ikaonekana. Parachichi la shambani mwako ni sumu kwake. Tena aweza kuishi miaka 40 na zaidi, kwa hiyo mzigo huo utamrithisha mwanao. Tangu mwaka 2017 mataifa yamekataza kuuza ng'ambo kasuku hawa waliokamatwa porini, na hapa Kenya huruhusiwi kumfuga bila kibali. Kwa maoni yangu, nyumba ya watu wa kazi haina nafasi naye. Ukitaka ndege, ongeza kuku: watakupa mayai, wala hawatakulilia upweke.