Mzee Mtei hakununa

Kaa kwenye kibanda cha chai sokoni Tengeru Jumamosi, mazungumzo yageukie siasa, na hutachelewa kuisikia: Edwin Mtei alitaka kuiuza nchi kwa IMF, Mwalimu akamkatalia, akanuna, akaja kulima kahawa huku, kisha akaanzisha CHADEMA kulipa kisasi.

Hadithi tamu, wala haikuokotwa hewani. Mtei alijiuzulu kweli uwaziri wa fedha mwaka 1979, baada ya kutofautiana na Mwalimu Nyerere juu ya masharti ya IMF, hasa lile la kushusha thamani ya shilingi. Kahawa alilima kweli, na chama alikiasisi kweli, mwaka 1992. Ninachokataa ni uzi uliotumika kuyashona mambo hayo matatu.

Kwanza, tazama miaka. Kati ya kujiuzulu na kuasisi chama kuna miaka 13. Wasimulizi hurukia ng'ambo bila kugusa miaka ya 1980, Mtei alipokwenda Washington kuwa mmoja wa wakurugenzi watendaji wa IMF kwa niaba ya nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwemo, hali Nyerere bado yuko Ikulu. Kiti kile hujazwa kwa kura za serikali za nchi hizo. Mwalimu, ambaye hakuwa mwepesi wa kusahau, asingemwacha msaliti akakikalie.

Pili, lile neno kibaraka wanalombandika wasimulizi. Mtei ndiye gavana wa kwanza wa Benki Kuu, iliyofungua milango Juni 1966 na kutupatia shilingi yetu wenyewe badala ya ile ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Hata mwaka haujaisha, likaja Azimio la Arusha, na mabenki ya kigeni yakataifishwa Februari 1967. Hakuondoka, alibaki kwenye ugavana hadi 1974, alipohamia hapa Arusha kuwa Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Aliyekuwa akitafuta sababu ya kuukimbia Ujamaa alikuwa nayo mkononi mwaka 1967.

Tatu, shilingi yenyewe, na hapa naomba msomaji avumilie hesabu. Tuseme mnunuzi wa nje analipa dola 3 kwa kilo ya kahawa safi. Mwaka 1979 dola ilikuwa kama shilingi 8: hizo ni shilingi 24, kabla mamlaka ya kahawa na wengine hawajakata chao. Kwa kiwango cha katikati ya 1986, shilingi 40 hivi kwa dola, kilo ile ile ni shilingi 120. Mibuni ni ile ile, na mama aliyeinamia kichanja akigeuza kahawa ya maganda juani ni yule yule. Kwa miaka hiyo yote mkulima wa Nkoaranga alinunua sabuni na sukari kwa bei ya ulanguzi, akauza kahawa yake kwa bei ya serikali. Hiyo ni kodi, ingawa hakuna aliyemwandikia stakabadhi.

Hata hivyo hofu ya Mwalimu haikuwa ya bure. Mwenye mshahara mjini hana kahawa ya kuuza. Shilingi ikishuka, yeye huumia kesho yake asubuhi. Na baada ya serikali ya Mwinyi kukubaliana na IMF mwaka 1986, zilikuja pia ada na michango shuleni na hospitalini, iliyowafungia wengi mlango. Watu wawili walioipenda nchi moja waliweza kubishana juu ya dawa, tena dawa chungu, bila mmoja wao kuwa mwizi.

Anayetaka kumlaumu Mtei asipoteze muda na kisasi. Lipo shitaka la haki. Baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil mwaka 1975, bei ya kahawa duniani ikapaa, nasi tukajaza akiba ya fedha za kigeni. Mwaka 1978, Mtei akiwa waziri wa fedha, uagizaji wa bidhaa kutoka nje ukalegezwa, na akiba ile ikaliwa kwa miezi tu. Bei ya kahawa ilikuwa imeshaanza kuporomoka. Oktoba mwaka huo huo majeshi ya Idi Amin wa Uganda yakaingia Kagera, na ghala lilikuwa tupu.