AKIBA ISIYOKAGULIWA HUOZA

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Methali hiyo imewafaa wakulima na wachuuzi tangu zamani, lakini katika mitambo ya kompyuta imepata mpinzani. Huko akiba huoza, tena huoza kimyakimya, bila harufu wala funza, na mwenye mali huigundua siku ile ile anapoihitaji. Matukio ya Marekani na Korea ya Kusini yametoa ushahidi wa kutosha juu ya jambo hili. Yafaa askari na polisi wayatafakari, maana kumbukumbu zinazopotea kwa njia hiyo ni za aina ile ile ambayo wao huiandika, huitunza na huitegemea kila siku.

Hifadhidata ni daftari kubwa lililopangwa ndani ya kompyuta. Humo huwekwa orodha za watumishi, mishahara, rejesta za silaha, alama za vidole, majalada ya upelelezi na maelezo ya vielelezo. Kwa kuwa diski huharibika, moto huwaka na binadamu hukosea, kila hifadhidata yenye thamani hutolewa nakala ya akiba, ikawekwa mahali pengine ili irudishwe pindi ile ya asili ikipotea. Hayo wengi wanayajua. Wasichokijua wengi ni kwamba kazi ya kunakili aghalabu hufanywa na mtambo wenyewe usiku wa manane, wakati hakuna anayetazama, na kwamba mtambo huo waweza kushindwa kazi kwa muda mrefu pasipo mtu yeyote kupata habari. Ndiyo sababu zikabuniwa programu za kufuatilia nakala za akiba na kuzitolea taarifa. Tunakusudia kuichambua kazi ya programu hizo, na hasa kasoro inayozifanya nyingine zisifae kitu.

HAKI YA ASKARI IMO JALADANI

Kabla ya kuifikia kompyuta, tuanze na karatasi. Tarehe 12 Julai 1973 moto ulizuka katika kituo cha taifa cha kumbukumbu za watumishi mjini St. Louis, katika jimbo la Missouri, Marekani. Majalada kati ya milioni 16 na milioni 18 ya watu waliolitumikia jeshi la nchi kavu na jeshi la anga yaliteketea. Kwa upande wa jeshi la nchi kavu, kiasi cha asilimia 80 ya majalada ya wale walioacha utumishi kati ya mwaka 1912 na mwaka 1960 yalipotea. Majalada hayo hayakuwa na nakala, wala hayakuwa yamepigwa picha katika filamu ndogo za kumbukumbu.

Tangu siku hiyo, mkongwe wa vita aliyetaka matibabu au malipo yake, na mjane aliyetaka haki za marehemu mumewe, walilazimika kutafutiwa ushahidi kwingineko: katika hati za malipo, katika karatasi za hospitali, katika orodha za vikosi. Mtu aliyewahi kupigana vitani akawa hana budi kuthibitisha kwamba aliwahi kuvaa sare. Msiba huo ulikuwa wa karatasi, lakini unatuonyesha thamani ya kitu tunachokizungumzia. Jalada la askari ndiyo haki yake. Likipotea, si ofisi iliyopata hasara peke yake. Askari mwenyewe amepokonywa sehemu ya maisha yake. Mali bila daftari huisha bila habari, na utumishi pia ni mali.

Kompyuta ilikuja na ahadi kwamba msiba wa namna hiyo hautatokea tena, kwa maana nakala ya jalada la kompyuta hutolewa kwa dakika chache na kwa gharama ndogo. Ahadi hiyo ni ya kweli, lakini ina sharti lake.

NJIA TANO, AKIBA HAKUNA

Sharti hilo lilidhihirika tarehe 31 Januari 2017 katika kampuni iitwayo GitLab, ambayo huwatunzia waandishi wa programu kazi zao. Usiku ule fundi mmoja alikuwa akipambana na hitilafu kati ya seva mbili za hifadhidata, moja kuu na moja ya msaada. Alikusudia kufuta data zilizokuwa katika seva ya msaada. Kumbe alikuwa ameingia katika seva kuu. Alipong'amua na kuisimamisha amri yake, sekunde moja au mbili tu zilikuwa zimepita, lakini kati ya gigabaiti zipatazo 300 zilikuwa zimebaki gigabaiti 4.5.

Kosa la mkono halishangazi. Kila kazi ya binadamu ina makosa yake, na nakala za akiba zimewekwa kwa ajili hiyo hiyo. La kushangaza ni yaliyofuata. Mafundi walipokwenda kuichukua akiba, hawakuikuta. Kampuni yenyewe ilieleza hadharani kwamba kati ya njia tano za kutunza data zilizokuwapo, hapakuwa na hata moja iliyokuwa ikifanya kazi ya kutegemewa. Programu ya kunakili ilikuwa ya toleo la 9.2, ilhali hifadhidata yenyewe, iitwayo PostgreSQL, ilikuwa ya toleo la 9.6, kwa hiyo kila ilipoanza kunakili ilishindwa na kuacha. Ghala la mbali lililodhaniwa kuwa limejaa nakala lilikuwa tupu.

Je, mtambo haukutoa onyo? Ulitoa. Kila uliposhindwa ulituma barua pepe. Lakini barua hizo zilikosa uthibitisho wa mtumaji uliohitajiwa, na mtambo uliotakiwa kuzipokea ukazikataa. Hivyo mlinzi alikuwa akipiga kelele ndani ya chumba kilichofungwa, na nje watu waliuona ule utulivu wakadhani ni amani.

Kilichoiokoa kampuni ni bahati. Kiasi cha saa sita kabla ya ajali, mfanyakazi mmoja alikuwa amechukua picha ya hifadhidata kwa mkono kwa ajili ya shughuli nyingine kabisa. Kutokana na picha hiyo huduma ilirudishwa baada ya kazi ya saa zipatazo 18, kwa kuwa diski zilizotumika zilikuwa za mwendo wa polepole. Data za saa sita zilipotea, zikiwamo kazi mpya zipatazo 5,000 na majina ya watumiaji wapya yapatayo 700. Katika uchunguzi wake kampuni ilikiri jambo ambalo kila kamanda atalielewa mara moja: hapakuwa na mtu aliyepewa dhamana ya kuzijaribu nakala zile.

KIMYA SI TAARIFA

Hapa ndipo penye kiini cha uchambuzi wetu. Mfumo wa kuonya uliokuwapo ulijengwa juu ya dhana kwamba pasipokuwa na onyo, mambo ni mema. Dhana hiyo haina nafasi katika kazi ya ulinzi. Kila kadeti hufundishwa mapema kwamba lindo lisilojibu simu ya upepo kwa saa iliyopangwa lisihesabiwe kuwa ni lindo lenye amani. Huhesabiwa kuwa lina tatizo mpaka ithibitike vinginevyo. Ndiyo maana mlinzi hutakiwa kuripoti hata pale asipokuwa na la kuripoti.

Programu njema ya kufuatilia nakala za akiba hufuata kanuni hiyo hiyo. Haingoji habari za kushindwa. Hungoja habari za kufaulu. Kila hifadhidata inapomaliza kunakiliwa hutuma ishara, na programu, ikiwa katika mtambo mwingine ulio mbali na ule unaolindwa, huitazama saa. Ishara isipofika kwa wakati wake, ofisa wa zamu hupigiwa simu. Kwa mpango huo, waya ukikatika, barua ikikataliwa au seva ikizimika, kimya chenyewe hugeuka kuwa onyo.

Pamoja na ishara hiyo, taarifa kamili haina budi kujibu maswali machache. Nakala ya mwisho ina umri gani? Ina ukubwa gani, na je, ukubwa huo walingana na wa siku zilizotangulia? Hifadhidata iliyokuwa ikitoa nakala ya gigabaiti 40 kila usiku ikitoa ghafla nakala ya gigabaiti 2, mtambo waweza kuandika kwamba kazi imefaulu, lakini ofisa mwenye macho atajua kwamba pana jambo. Imewekwa wapi, na je, ipo nyingine nje ya jengo? Tena, je, imejaribiwa kurudishwa?

Kila aina ya hifadhidata ina namna yake ya kuyajibu maswali hayo. SQL Server ya Microsoft huandika historia ya nakala zake katika daftari la ndani liitwalo msdb. Oracle ina chombo kiitwacho RMAN, ambacho chaweza kuorodhesha mafaili yanayohitaji kunakiliwa. Kwa PostgreSQL ipo programu ya Barman, yenye amri ya kukagua hali ya nakala. Katika ofisi kubwa aina hizo zote huishi pamoja, kila moja ikizungumza lugha yake. Kazi ya programu ya kufuatilia ni kuzikusanya lugha hizo katika jedwali moja ambalo hata mkuu asiye fundi anaweza kulisoma asubuhi.

KUITA MAJINA

Ipo kasoro nyingine, nayo ni ya hila zaidi. Programu inayotoa taarifa za kazi zilizofanyika tu haiwezi kamwe kuitaja kazi ambayo haikuwahi kuagizwa. Kwenye paredi ya asubuhi sajini hawaulizi waliopo kama wapo. Huchukua orodha ya wote wanaopaswa kuwapo, akaita majina, na asiyeitika hujulikana. Vivyo hivyo taarifa ya nakala za akiba haina budi kuanza na orodha ya hifadhidata zote za ofisi, ndipo ilinganishwe na nakala zilizopatikana.

Tukio la Korea ya Kusini linatufunza jambo hili. Tarehe 26 Septemba 2025 moto ulioanzia kwenye betri za lithiamu ulizuka katika kituo cha kompyuta cha serikali mjini Daejeon. Mifumo 709 ya serikali ilisimama, na 96 kati yake iliungua. Miongoni mwa vilivyoteketea ni ghala la nyaraka za watumishi wa serikali liitwalo G-Drive, lenye terabaiti 858. Ghala hilo halikuwa na nakala nje ya kituo, kwa sababu, kama ilivyoelezwa, lilikuwa kubwa mno. Hata programu hodari kuliko zote isingeweza kuonya kwamba nakala ya G-Drive imeshindwa, maana nakala yenyewe haikuwako. Uamuzi wa kutonakili kitu waweza kuwa na sababu zake, lakini uandikwe kwa wino mwekundu katika kila taarifa, ili kila mkuu anayeingia ofisini aone hatari aliyoirithi.

TAARIFA IPANDE NGAZI

Kwa polisi, mfano ulio karibu zaidi ni wa mji wa Dallas, katika jimbo la Texas, Marekani. Kati ya mwisho wa Machi na mwanzo wa Aprili 2021, wakati data za idara ya polisi zikihamishwa kutoka ghala moja kwenda jingine, terabaiti zipatazo 22 zilifutwa. Zilirudishwa 14, na zipatazo 8 zikaelezwa kwamba hazitapatikana. Upotevu uligunduliwa mwezi huo huo wa Aprili, lakini ofisi ya mwendesha mashtaka wa wilaya ilipewa habari mwezi Agosti. Kwa muda wa miezi minne mashauri yaliendelea, na waliotakiwa kusimamia ushahidi mahakamani hawakujua kwamba sehemu ya majalada huenda haipo.

Basi taarifa inayoishia mezani kwa fundi ni nusu ya taarifa. Fundi anayenakili asiwe peke yake anayethibitisha kwamba amenakili, kama vile mtunza ghala ya silaha hahesabu silaha zake mwenyewe siku ya ukaguzi. Programu iweke ngazi: saa ya kwanza aarifiwe fundi, asipochukua hatua, mkuu wake, jambo likizidi kiasi kilichowekwa, kamanda na wote ambao kazi yao hutegemea kumbukumbu hizo.

Wako watakaosema kwamba mambo haya ni ya mafundi, na kwamba programu za namna hiyo ni gharama juu ya gharama. Hoja ya gharama ina uzito, lakini Barman, kwa mfano, hutolewa bure, na orodha ya hifadhidata zote yaweza kuanza kuandikwa kwa kalamu. Wengine watasema kwamba taarifa nyingi huchosha. Hilo ni kweli: ofisa anayeletewa barua 100 kila asubuhi za kumwambia mambo ni mema ataacha kuzisoma kabla ya mwezi kwisha. Dawa yake ni ukurasa mmoja, unaotaja kwanza yaliyoharibika, kisha ambayo hayakuitika, kisha hesabu ya yaliyo salama.

Hata hivyo programu haiwezi kushika nafasi ya zoezi. Silaha huthibitishwa uwanjani kwa kulenga shabaha, na nakala ya akiba huthibitishwa kwa kurudishwa. Kila baada ya muda uliowekwa, nakala mojawapo ichaguliwe, irudishwe katika mtambo wa majaribio, isomwe, na muda uliotumika uandikwe. GitLab iliujua mwendo wa diski zake siku ya msiba. Kikosi chenye nidhamu kitaujua siku ya zoezi.

Kwa hiyo kamanda au mkuu wa kituo hahitaji kuwa bingwa wa kompyuta ili atimize wajibu wake. Na aulize maswali matatu: nani ana dhamana ya nakala zetu, kwa jina na cheo, ni lini nakala ya mwisho ilirudishwa ikasomeka, na ni hifadhidata ipi isiyo na nakala kabisa. Akijibiwa kwa tarehe na kwa hesabu, na ashukuru. Akijibiwa kwamba hapajatokea malalamiko, na aamuru ukaguzi siku hiyo hiyo, kwa maana kimya kingi kina mshindo mkuu.