TAHARIRI: Mwanafunzi wa helikopta asiharakishwe angani

Januari 2020, helikopta ya jeshi la Uganda aina ya Jet Ranger ilianguka ikiwa katika safari ya mafunzo. Ofisa mwenye cheo cha meja na mwanafunzi wa urubani waliokuwamo walifariki wote wawili.

Msiba huo unaihusu pia Kisangani. Katika jimbo la Tshopo, lenye msitu mkubwa na barabara chache zinazopitika, helikopta huokoa muda na maisha. Congo inahitaji marubani wake yenyewe, na rubani hazaliwi bali hufundishwa. Suala ni namna anavyofundishwa.

Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Kwenye helikopta iliyo mita mbili juu ya ardhi, kuteleza ndiko kuanguka. Mguu wake mmoja ukinasa kwenye nyasi au tope, inaweza kupinduka kabla mwalimu hajaingilia kati. Injini ikizimika kwenye helikopta ndogo kama Robinson R22, rubani ana sekunde moja hivi kushusha wenzo wa mkono wa kushoto, ili mapanga yaendelee kuzungushwa na upepo utokao chini. Kutokana na ajali za aina hiyo, tangu 1995 Marekani inadai mafunzo maalumu kwa kila anayeirusha.

Kisangani ina magumu yake. Joto na unyevu hupunguza nguvu ya helikopta kunyanyuka. Msitu hautoi mahali pa kutua kwa dharura. Dhoruba hutanda ghafla, na mji unalijua hilo: Julai 8, 2011, Boeing 727 ya Hewa Bora iliyotoka Kinshasa ilianguka ikijaribu kutua Bangoka katika hali mbaya ya hewa. Watu zaidi ya 70 walikufa. Ikiwa marubani wa ndege kubwa walishindwa, mwanafunzi atawezaje?

Kuna pia hatari ya kuchanganya wanafunzi na abiria. Machi 2024, ndege ndogo ya mafunzo iligongana angani na ndege ya abiria jijini Nairobi. Mwalimu na mwanafunzi wake walikufa. Ndege ya abiria, yenye watu 44, ilirudi salama.

Basi mamlaka ya usafiri wa anga isiruhusu mafunzo Bangoka, ya kiraia au ya kijeshi, bila eneo lake maalumu, mbali na njia ya ndege za abiria. Masomo yafanyike asubuhi, kabla mawingu hayajajikusanya. Mwalimu na mwanafunzi watamkiane wazi ni nani anayeshika usukani. Ripoti za ajali zitangazwe, si kufungiwa kabatini.

Zaidi ya yote, mwanafunzi anayesema "leo hali si nzuri" asionekane mwoga. Somo lililoahirishwa hufundishwa kesho. Rubani aliyezikwa harudi darasani.