Ratiba ni Ahadi

Wahenga walisema kuwa ahadi ni deni. Neno hili hutajwa sana sokoni na arusini, lakini ni nadra kutajwa mbele ya televisheni. Leo, msomaji kijana, nataka tulitaje hapo. Kituo kinapotangaza kuwa kipindi cha watoto kitaonyeshwa saa 11 jioni siku ya Jumamosi, kimetoa ahadi kwa kila mtoto ajuaye kusoma saa. Kikikiondoa kipindi hicho pasipo neno, kimevunja ahadi. Na aliyevunjiwa ni mtu asiyeweza kwenda mahakamani wala kumwandikia mhariri barua.

Televisheni iliingia Kenya mwaka 1962. Kwa miaka mingi nchi nzima ilitazama kituo kimoja, cha serikali, mpaka KTN ilipoanza mwaka 1990. Siku hizo ratiba ilikuwa na nguvu kama kengele ya shule: aliyechelewa amekosa. Sasa mambo yamegeuka. Mitambo ya analogi ilizimwa mwaka 2015, vituo vimekuwa vingi, na vituo hivyo huweka vipindi vyao katika YouTube baada ya kuvirusha hewani. Aliyekosa leo aweza kutazama kesho. Hii ni neema, wala siikani. Mwanafunzi wa shule ya kutwa anayeshuka matatu katika Barabara ya Kangundo giza limekwisha kuingia, ana haki ya kuona kipindi kilichompita njiani.

Lakini neema ikitumiwa kuwa kisingizio hugeuka dhuluma. Hotuba ya mwanasiasa ikirefuka, cha kwanza kukatwa ni kipindi cha watoto. Mechi ya mpira ikichelewa kwisha, kinachosukumwa mbele ni kipindi cha watoto. Tukiuliza, tunajibiwa: mtakitazama baadaye mtandaoni. Jibu hilo ni jepesi mdomoni, zito mfukoni. Mtu akiisha kununua televisheni na kisimbuzi chake, vipindi vya hewani visivyo na malipo havimdai ila umeme. Vya mtandaoni humdai kila mara anapotazama. Nenda mtaa wa Komarock, upite lango moja tu. Utakuta nyumba yenye intaneti ya mwezi mzima, na ukuta kwa ukuta nayo utakuta nyumba ambayo simu pekee iwezayo kuonyesha picha ni ya baba, naye baba hurudi kazini saa 3 usiku, mwana amekwisha lala. Kituo kinachowaambia watoto wa nyumba hizi mbili neno moja hakijawatendea sawa. Kimelipa deni lake kwa fedha za mzazi, na mzazi maskini ndiye anayelipa zaidi.

Thamani ya kipindi cha bure tumekwisha kuiona. Shule zilipofungwa mwezi wa Machi 2020 kwa sababu ya korona, mamilioni ya watoto walibaki majumbani. Tarehe 31 Machi mwaka huohuo kituo cha Akili Kids! kilianza kurusha vipindi vya watoto nchini Kenya pasipo malipo. Kabla ya hapo, tangu mwaka 2014, Ubongo Kids ya Tanzania ilikuwa ikifundisha hesabu na sayansi kwa nyimbo na katuni katika Kiswahili chetu. Mtoto asiye na intaneti alipata mwalimu kwa kubonyeza kitufe. Basi asituambie mtu kuwa saa ya kipindi cha watoto ni pengo la kujazwa na chochote kilichozidi.

Liko jambo la pili, nalo ni la usalama. Kanuni za Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya zinakataza kuonyesha mambo yasiyofaa watoto kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku. Ni boma lililojengwa kwa saa. Mtandaoni hakuna saa, kwa hiyo boma hilo halipo. Kipindi cha watoto kikiisha, mashine yenyewe huchagua kinachofuata, na mashine haimjui mtoto wa miaka sita wala haimwonei haya. Anayemwondoa mtoto hewani na kumpeleka huko amemtoa ndani ya ua akamwacha barabarani.

Sasa tuje kwenye michezo ya maswali. Utamu wa mchezo huu uko wapi? Uko katika kutojua. Kati ya swali na jibu kuna muda mfupi ambao mshindani, baba, mama, shangazi na wewe mnakuwa sawa, kila mmoja akipekua akili yake. Mwaka 1959 Charles Van Doren, aliyekuwa bingwa mashuhuri wa mchezo wa Twenty-One huko Marekani, alikiri mbele ya kamati ya Bunge kuwa alipewa majibu mapema. Watu waliona wameibiwa, ingawa hawakupoteza senti moja: kilichoibwa ni ule muda wa kutojua. Anayetazama baadaye, kidole chake kikiruka mbele hadi kwenye jibu, anajiibia mwenyewe kitu kilekile. Atajua majibu mengi, lakini hatakuwa amefikiri hata mara moja. Ndiyo maana nasema kuwa mchezo wa maswali wafaa utazamwe kwa saa yake, na jamaa wote, jibu likiwa bado halijulikani.

Wala tusichanganye mchezo wa maarifa na mchezo wa bahati. Mwezi wa Aprili 2025 bodi ya serikali iliyokuwa ikisimamia kamari ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, ikilalamika kuwa yalikuwa yakitolewa hata katika saa za watoto. Mchezo wa maswali humlipa aliyesoma. Kamari hulipwa na aliyetumaini. Kituo kinachoviweka viwili hivi bega kwa bega saa moja ya jioni kinamfundisha kijana kuwa kusoma na kubahatisha ni ndugu. Si ndugu.

Atasema mtu: vituo haviishi kwa hewa, navyo hufuata matangazo yanayolipa. Ni kweli. Lakini mwenye duka naye hutafuta faida, na hata hivyo hatumruhusu apunguze mizani kwa mnunuzi mdogo. Hatudai makubwa. Saa iliyotangazwa ishikwe. Ikilazimu kuivunja, watazamaji waambiwe mapema, na kipindi kirudiwe hewani katika juma lilelile, saa ambayo mtoto yu macho. Mtandao uwe nyongeza, usiwe badala.

Nawe, kijana, una wajibu wako. Wakati ni ukuta, ukipigana nao utaumia. Kuweza kutazama saa yoyote si ruhusa ya kutazama saa zote. Chagua kipindi, kitazame, kisha zima. Kikikosekana saa yake, usinung'unike kimya: kiandikie kituo, taja siku na saa, udai ulichoahidiwa. Mdai akinyamaza, mdaiwa husahau.