KUKU WA KISASA ANASINGIZIWA, WANAOUMIA NI MABINTI

Wadau, kila ikipostiwa picha ya binti wa darasa la sita mwenye mwili uliowahi kukua, hukumu hutoka fasta: "Hao kuku wa kisasa hao!" Mwingine anadakia chipsi mayai. Halafu anatokea yule jamaa asiyekosekana, anaandika: "Huyo keshakua." Hapo ndipo penye ishu.

Kwanza kuku apumzike. Kuku wa nyama anaingia sokoni akiwa na wiki tano au sita kwa sababu ya mbegu iliyochaguliwa kizazi baada ya kizazi, pamoja na chakula anacholishwa. Homoni hazihitajiki hapo. Na mfugaji gani wa pale Ipuli ana hela ya kumchoma sindano kila kuku bandani?

Halafu habari yenyewe ni ya zamani. Karne ya 19, wasichana wengi wa Ulaya Kaskazini walivunja ungo wakiwa na miaka 16, hata 17. Kufikia katikati ya karne ya 20 umri huo ulikuwa umeshuka hadi karibu 13. Walikula vizuri zaidi na kuugua kidogo zaidi, basi. Kuku wa kisasa hata hawajajaa mezani.

Mwili una hesabu zake. Mafuta ya mwilini hutoa homoni iitwayo leptini, na hiyo huujulisha ubongo kwamba akiba ipo. Akiba ikitosha, ubongo unaruhusu balehe ianze. Kwa wasichana kawaida ni kati ya miaka 8 na 13, kwa wavulana 9 hadi 14. Mtoto mnene sana, hasa wa kike, anaweza kuwahi. Aliyedumaa kwa lishe duni huchelewa.

Sasa chukua mabinti wawili wa Tabora, wote wana miaka 12. Mmoja yuko mjini Kanyenye: chipsi, soda, maandazi, kutembea kidogo. Mwingine yuko kijijini Sikonge: asubuhi michembe, jioni ugali na mlenda, nyama ni ya sikukuu. Wa kwanza anaitwa mama mtu mzima. Wa pili anaonekana wa miaka tisa, na mtaa unanong'ona kwamba ana kasoro. Wote wawili ni watoto, ila sahani zao hazifanani.

Na huko njia ya misafara chakula hakijawahi kukaa kimoja. Wapagazi wa Kinyamwezi walitembea kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, na miembe mikubwa ya Tabora inahesabiwa kuwa kumbukumbu ya misafara hiyo. Mtama na uwele vikapisha mahindi na muhogo. Leo malori yanashusha soda na biskuti hadi vijiji vya tumbaku vya Urambo na Kaliua. Ubaya ni kwamba mtoto anaweza kushiba tumbo huku mwili wake una njaa. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Dawa yake nyingi ipo hapo hapo sokoni: karanga, maharage, dagaa wa Kigoma, yai, maembe ya msimu. Kazi ianze tangu ujauzito hadi mtoto anapotimiza miaka miwili.

Lakini noma kubwa ni pale mwili unapogeuzwa cheti. Utafiti wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba mkoani Tabora, kati ya kila wanawake 100 wenye miaka 20 hadi 24, 58 waliolewa kabla ya kutimiza 18. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliweka miaka 15 kwa msichana. Mahakama Kuu ikasema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakazia mwaka 2019.

Baiolojia nayo iko upande wa mahakama. Kuvunja ungo hakumaanishi mwili umemaliza kazi: nyonga huendelea kupanuka kwa miaka kadhaa baadaye. Ndiyo maana mimba za utotoni huua. Akili nayo haikimbii kwa kasi ya leptini. Binti wa miaka 11 aliyewahi bado anataka kuruka kamba, na anaona aibu akitazamwa.

Kwa hiyo anayesema "keshakua" hajasema lolote kuhusu binti. Amesema tu kwamba binti amekula, kisha akajitafutia ruhusa ambayo hakuna aliyempa. Mzazi mwenye wasiwasi, binti akianza kubadilika kabla ya miaka 8, ampeleke hospitali. Wengine wamwache mtoto amalize shule.

Mdau, mtaani kwako binti akiwahi kukua, anaongezewa ulinzi au anaongezewa macho?